Sasisho la Windows likigoma mara ya tatu, acha kubonyeza "jaribu tena"

Sasisho linapakuliwa, linafika asilimia mia, kompyuta inajizima na kuwaka, inakuambia inarudisha mambo yalivyokuwa, na kesho yake sasisho lile lile liko mlangoni linabisha tena. Hapo wengi wetu hubonyeza kitufe cha kujaribu tena. Mara ya kwanza ni sawa, huenda mtandao uliyumba tu. Mara ya pili, haya. Mara ya tatu unatwanga maji kwenye kinu: Windows inarudia kazi ile ile, kwa faili zile zile, katika hali ile ile iliyoishinda jana.

Mwongozo huu ni wa Windows 10 na Windows 11, na mwishoni nimeweka maneno machache kwa wenye Ubuntu. Hatua zinaanza na zile zisizoweza kuharibu chochote, zinaishia na zile zinazogusa mfumo mzima. Usiziruke. Maelezo mengi kuhusu tatizo hili huanza na kufuta folda ya SoftwareDistribution, ambamo Windows huweka masasisho iliyoyapakua. Ni hatua nzuri na tutaifikia, lakini ukianza nayo unafuta ushahidi kabla hujausoma.

Kwa kuwa kompyuta ya mmoja iko kwa Kiingereza na ya mwingine kwa Kiswahili au Kifaransa, nitakuelekeza kwa amri badala ya majina ya menyu. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, kisanduku kidogo kitafunguka, andika amri, kisha Enter.

Kwanza, hakikisha ni hitilafu kweli

Kukaa kwenye asilimia 20 kwa nusu saa si kugoma. Kompyuta yenye diski ya zamani ya sahani inaweza kuchukua saa moja au zaidi, na ukiizima kwa nguvu katikati, unaweza kujitengenezea tatizo ambalo hukuwa nalo. Taa ya diski ikiwa bado inapepesa, iache.

Kisha andika `winver` uone una toleo gani. Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta ambayo haikujiandikisha kwenye mpango wa nyongeza wa masasisho ya usalama haigomi, bali imeacha kupokea masasisho. Na kama uliweka Windows 11 kwa kuzunguka masharti yake, kwenye mashine isiyo na TPM 2.0 (chipu ya usalama) kwa mfano, ujue Microsoft haikuahidi kwamba mashine hiyo itapata masasisho.

Jambo la tatu litakupunguzia presha. Masasisho ya kila mwezi ya Windows 10 na 11 ni ya kulimbikiza: la mwezi ujao linabeba yote ya mwezi huu. Hutoka Jumanne ya pili ya mwezi, utaratibu ulioanza Oktoba 2003. Kwa hiyo sasisho lililogoma katika wiki ya nne, hasa la hiari, unaweza kulipuuza na kusubiri linalofuata. Mimi hufanya hivyo bila kujuta. Sasisho la usalama la Jumanne ya pili ndilo lisilostahili kuachwa.

Hatua ya 1: andika namba ya sasisho na namba ya hitilafu

Windows na R, kisha:

`ms-settings:windowsupdate-history`

Utaona orodha ya masasisho. Lililogoma lina namba inayoanza na KB, na karibu yake namba ya hitilafu inayoanza na 0x. Kwenye Windows 10 huenda ukalazimika kubofya maandishi ya kushindwa ndipo namba itokee. Ziandike zote mbili kwenye karatasi au zipige picha kwa simu. Nasema karatasi kwa makusudi, kwa sababu hatua ya 5 huifuta historia hii yote.

Angalia mambo mawili. Je, ni KB moja inayogoma, au kila kinachokuja kinagoma? KB moja pekee huashiria kwamba sasisho lenyewe au kifaa fulani kina shida. Kila kitu kikigoma, mfumo wa masasisho ndio mgonjwa. Na namba ya hitilafu, je, ni ile ile kila mara? Ikibadilika leo hivi na kesho vile, nashuku diski au kumbukumbu ya kompyuta kuliko Windows.

Sasa andika `perfmon /rel`. Utaletewa mchoro wa siku kwa siku, wenye alama nyekundu pale jambo lilipoharibika. Tafuta siku ya kwanza ya kugoma, kisha tazama ulisakinisha nini siku hiyo au ya jana yake. Watu wachache sana hufungua ukurasa huu, nao mara kadhaa umenipa jibu kabla sijaandika amri yoyote.

Hatua ya 2: namba inasema nini

Namba za hitilafu zipo mamia. Hizi ndizo ninazokutana nazo.

`0x80070070`: diski imejaa. Hakuna fumbo hapa.

`0x80070422`: huduma ya masasisho imezimwa. Mara nyingi mtu aliizima mwenyewe kwa programu ya kuzuia masasisho, kisha akasahau. Fungua `services.msc`, tafuta Windows Update, iruhusu ianze.

`0x80072f8f`: saa au tarehe si sahihi, au muunganisho salama na seva umeshindikana. Rekebisha saa kwanza. Ikirudi nyuma kila unapozima kompyuta, betri ndogo ya kwenye ubao mama imeisha.

`0x8024402c`: kompyuta haifiki kwenye seva za masasisho, kwa kawaida kwa sababu ya mipangilio ya proksi (seva ya kati unayopitia kwenda mtandaoni).

`0x80070020`: faili inayotakiwa imeshikwa na programu nyingine. Mshukiwa wa kwanza ni antivairasi uliyoweka mwenyewe.

`0x80073712` na `0x800f081f`: ghala ambamo Windows huhifadhi vipande vyake limeharibika au lina pengo. Nenda moja kwa moja hatua ya 4.

`0x800f0922`: ina maana mbili zisizohusiana. Ama kompyuta haikufika kwenye seva, na hapo zima VPN ujaribu tena, ama kizigeu (sehemu ya diski iliyotengwa) kidogo cha kuwashia kompyuta kimejaa.

`0x80070643`: hii ni ya jumla mno, ni kama mgonjwa anayesema tu "naumwa". Lakini ina kisa kimoja mashuhuri. Januari 2024 sasisho la Windows 10 lenye namba KB5034441 liligoma kwa namba hii kwenye kompyuta nyingi, kwa sababu lilihitaji nafasi tupu ya megabaiti 250 kwenye kizigeu cha urejeshaji, nafasi ambayo mashine nyingi hazikuwa nayo. Watu walihangaika na amri za kurekebisha faili ilhali faili zilikuwa nzima kabisa. Ndiyo maana nasisitiza usome namba ya KB pamoja na ya hitilafu. Moja bila nyingine hupotosha.

`0xC1900101`: hii hutokea unapohamia toleo jipya, kwa mfano 23H2 kwenda 24H2, na karibu kila mara chanzo ni draiva, yaani programu inayoendesha kifaa fulani. Hufuatwa na namba ya pili, na tarakimu ya kwanza baada ya 0x kwenye namba hiyo inataja hatua kazi ilipoangukia: 2 ni kabla Windows mpya haijawaka, 3 ni inapowaka mara ya kwanza, 4 ni inapowaka mara ya pili. Maelezo zaidi yamo kwenye faili hii, ambayo unaweza kuifungua kwa Notepad:

`C:\Windows\Logs\SetupDiag\SetupDiagResults.xml`

Windows huichambua yenyewe baada ya kushindwa na kuandika humo chanzo inachokishuku, pengine hadi jina la draiva.

Hatua ya 3: ondoa vizuizi vya kawaida

Nafasi kwanza. Sasisho la mwezi halihitaji nyingi, lakini kwa kuhamia toleo jipya mimi hutaka gigabaiti 20 tupu kwenye diski C. Fungua `cleanmgr`, chagua kusafisha faili za mfumo, ondoa masasisho ya zamani na faili za muda. Kitu kimoja usikifute kwa mkono: folda ya WinSxS. Inaonekana kubwa ya kutisha, na kuna watu wameifuta wakidhani wamepata hazina, wakaishia kusakinisha Windows upya.

Chomoa kila kitu kisichohitajika: flashi, diski ya nje, printa, kisomaji cha kadi. Mwaka 2019 toleo la Mei la Windows 10 lilizuiliwa kabisa kwenye kompyuta zilizochomekwa kifaa cha kuhifadhia cha USB au kadi ya kumbukumbu, kwa sababu herufi za diski zingeweza kubadilika katikati ya kazi. Mimi mwenyewe niliwahi kumaliza jioni mbili nikilaumu draiva ya kadi ya michoro, nikaisakinisha na kuiondoa mara nne, kumbe tatizo lilikuwa kadi ya kumbukumbu ya kamera iliyozama kwenye tundu lake ubavuni mwa kompyuta. Nilishasahau kama ipo. Papasa pembeni zote.

Kisha antivairasi ya nje. Kuizima hakutoshi kila mara, kwa sababu sehemu zake za ndani huendelea kufanya kazi. Iondoe kabisa, washa upya, sasisha, halafu irudishe. Katika muda huo Windows Defender itashika zamu yenyewe. VPN nayo izime.

Baada ya hapo washa upya kompyuta kwa kuchagua kuwasha upya, si kuizima na kuiwasha. Tofauti ipo: Windows ya sasa ikizimwa kwa kawaida huhifadhi sehemu ya hali yake ili iwake haraka, kwa hiyo kilichokwama kinaweza kuamka kikiwa kimekwama vile vile. Jaribu sasisho tena.

Hatua ya 4: tengeneza faili za mfumo

Kuanzia hapa nakili kwanza kazi zako muhimu mahali pengine.

Bonyeza kitufe cha Windows, andika `cmd`, kisha bonyeza Ctrl, Shift na Enter kwa pamoja ili dirisha jeusi lifunguke kwa mamlaka ya msimamizi. Anza na hii:

`DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth`

Ikikaa kwenye asilimia moja kwa dakika kumi na kitu, tulia, ni kawaida yake. Ikimaliza, fuata na:

`sfc /scannow`

Mpangilio huu si wa bahati. Amri ya pili hukarabati faili kwa kuzichukua ghalani, na ya kwanza hukarabati ghala lenyewe. Ukianza na sfc wakati ghala limeoza, unaziba pengo kwa tofali bovu.

sfc ikisema imepata faili mbovu ikashindwa kuzitengeneza zote, washa upya uirudie mara moja. Mara moja tu. Kuna watu huiendesha mara kumi kama wanaosali.

DISM ikigoma kwa `0x800f081f`, maana yake haikupata vipande vizima kutoka mtandaoni. Ipe chanzo chako. Pakua faili ya ISO ya Windows (nakala ya diski ya usakinishaji) kutoka tovuti ya Microsoft, ya toleo lile lile lililoonyeshwa na winver, ibofye mara mbili ifunguke kama diski, tuseme imepewa herufi D, kisha:

`DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth /Source:WIM:D:\sources\install.wim:1 /LimitAccess`

Ndani ya folda ya sources ukikuta install.esd badala ya install.wim, badilisha neno WIM kuwa ESD na jina la faili vile vile. Ile 1 ya mwisho ni namba ya aina ya Windows ndani ya faili, kama Home au Pro. Kuiona orodha tumia `DISM /Get-WimInfo /WimFile:D:\sources\install.wim`.

Ukiwa hapo hapo, endesha `chkdsk C: /scan`. Na ukikumbuka nilichosema kuhusu namba zinazobadilika-badilika, fungua `eventvwr`, ingia kwenye kumbukumbu za mfumo, utafute tukio namba 7 kutoka chanzo kinachoitwa disk. Ukilikuta, diski yako ina sehemu mbovu. Achana na masasisho kwa sasa, okoa data.

Hatua ya 5: safisha folda ya masasisho

Sasa ndiyo zamu yake. Inafaa zaidi pale upakuaji unapokwama, au sasisho lililoharibika linapojaribu kujisakinisha upya kila siku. Kwenye dirisha lile lile la msimamizi, mstari mmoja baada ya mwingine:

`net stop wuauserv`
`net stop bits`
`net stop cryptsvc`
`ren C:\Windows\SoftwareDistribution SoftwareDistribution.old`
`ren C:\Windows\System32\catroot2 catroot2.old`
`net start cryptsvc`
`net start bits`
`net start wuauserv`

Tunabadilisha majina, hatufuti. Windows itaunda folda mpya yenyewe. Angalia hiyo 2 mwishoni mwa catroot2. Kuna folda nyingine jirani iitwayo catroot bila namba, na hiyo usiiguse kabisa. Ukiambiwa huna ruhusa kubadilisha jina, huduma mojawapo imejiwasha tena kabla hujamaliza. Izime uendelee haraka.

Washa upya, utafute masasisho upya. Ukikutana na historia tupu usishtuke.

Hatua ya 6: lisakinishe kwa mkono

Nenda kwenye tovuti ya catalog.update.microsoft.com, andika ile namba ya KB uliyoiweka kwenye karatasi. Utaona mistari mingi inayofanana. Chagua inayolingana na toleo lako na aina ya prosesa: x64 kwa kompyuta nyingi, arm64 kwa zenye prosesa za ARM. Ukichukua isiyokufaa haitaharibu kitu, itakuambia tu kwamba sasisho hilo si la kompyuta hii.

Kwenye Windows 11 toleo la 24H2 unaweza kuletewa faili mbili au zaidi za msu (faili za kusakinisha sasisho) kwa KB moja. Ziweke zote kwenye folda moja kabla ya kuanza.

Ikigoma hata hapa, anzisha kompyuta bila programu za nje: `msconfig`, kwenye sehemu ya huduma weka alama ya kuficha za Microsoft, zima zilizobaki, washa upya, jaribu. Usisahau kuficha za Microsoft kabla ya kuzima.

Hatua ya 7: sakinisha Windows juu ya Windows

Kama umefika hapa, sikushauri uendelee kutafuta amri mpya. Hatua hii huchukua saa moja au mbili na humaliza kesi nyingi, ilhali faili zako na programu zako hubaki mahali pake.

Kwenye Windows 11 toleo la 23H2 au jipya zaidi, fungua `ms-settings:recovery`. Utaona chaguo la kusakinisha upya toleo ulilonalo kupitia Windows Update. Usilichanganye na lile la kuweka upya kompyuta, lililo kwenye ukurasa huo huo. Lakini kama Windows Update yenyewe ndiyo iliyokufa, tumia ISO: ifungue, endesha setup.exe ukiwa ndani ya Windows yako, uchague kubaki na faili na programu.

Chaguo hilo likiwa limefifia huwezi kulibofya, simama hapo hapo. Kwa kawaida lugha au aina ya Windows kwenye ISO hailingani na yako. Kulazimisha ni kupoteza programu zote.

Kabla ya kuanza, hakikisha una ufunguo wa urejeshaji wa BitLocker, tarakimu 48, kama diski yako imefungwa kwa usimbaji. Kompyuta nyingi mpya hufungwa hivyo zenyewe bila mwenyewe kujua. Ufunguo huwa kwenye akaunti yako ya Microsoft, na si mahali pa kuanza kuutafuta wakati skrini ya bluu imeshakuuliza.

Kompyuta ikikataa kuwaka baada ya sasisho

Ikishindwa kuwaka mara mbili tatu mfululizo, Windows huleta yenyewe menyu ya urejeshaji. Humo kuna chaguo la kuondoa sasisho la mwisho, lijaribu kwanza. Likishindikana, fungua dirisha la amri kutoka menyu hiyo hiyo:

`DISM /Image:C:\ /Cleanup-Image /RevertPendingActions`

Hii hufuta kazi za sasisho zilizoachwa katikati. Humo ndani herufi C wakati mwingine huwa D au E, kwa hiyo andika `dir C:\` kwanza uone kama folda ya Windows ipo.

Kwa wenye Ubuntu

Hapa kesi ni fupi. Sasisho lililokatwa katikati hutengenezwa kwa `sudo dpkg --configure -a`, kisha `sudo apt --fix-broken install`, kisha `sudo apt update`. Likigoma kwa kukosa nafasi ingawa diski ina nafasi tele, angalia `df -h /boot`. Kizigeu hicho kidogo hujazwa na kernel (kiini cha mfumo) za zamani, na `sudo apt autoremove` huziondoa.

Sasisho likishaingia

Irudishe antivairasi uliyoiondoa, washa huduma ulizozima kwenye msconfig. Folda mbili zenye .old mwishoni ziache wiki moja, kisha uzifute. Kama ulisakinisha Windows juu ya Windows, kutakuwa na folda ya Windows.old yenye gigabaiti nyingi. Usiisumbukie, mfumo huifuta wenyewe baada ya siku kama kumi, na hadi siku hiyo ndiyo njia yako ya kurudi ulikotoka.